Mvua, uchafu na bomba la moshi la lori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika ikikaribia simu zangu hubadilika. Badala ya klachi na breki, watu huanza kuuliza habari za ekzosi. Wengi ni wenye semi za Kimarekani, Freightliner, International na Kenworth, ambazo bomba la moshi limesimama wima nyuma ya kebini likitazama mbinguni. Wenye greda, trekta na jenereta nao wamo, maana shida ni ile ile. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, na majibu ni kama ninavyowajibu gerejini.

Fundi, hivi kweli mvua inaweza kuingia hadi ndani ya injini?

Inaweza, ila si kila mvua wala si kila gari.

Injini ikizimwa, kuna silinda ambayo valvu yake ya moshi itabaki wazi. Huwezi kuichagua, ni pale kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, iliposimama. Kuanzia mdomo wa bomba hadi juu ya pistoni ya silinda hiyo hakuna mlango wowote. Kuna bomba, sailensa, kiwiko cha chini, turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa), manifoldi (mkusanyo wa njia za moshi za silinda zote), kisha valvu iliyo wazi.

Kinachokulinda ni umbo la njia yenyewe. Kwenye injini nyingi turbo iko juu kuliko kile kiwiko cha chini, kwa hiyo maji lazima yajaze kiwiko kwanza ndipo yaifikie turbo. Kama kiwiko au sailensa ina kitundu cha kutolea maji, na kitundu kiko wazi, maji hayajai. Kama kimezibwa, umeweka ndoo chini ya mfereji.

Lakini ni maji kiasi gani hayo? Si matone tu?

Tupige hesabu. Bomba la inchi 5 lina mdomo wa sentimita za mraba kama 127. Mvua ya milimita 50, ambayo usiku mmoja wa masika huimwaga bila mtu kushangaa, ikishuka yote wima itaingiza zaidi ya nusu lita. Dar es Salaam mwezi wa Aprili kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 200. Gari likilala uwanjani mwezi huo mzima, bomba limekinga lita mbili na nusu.

Sasa upande wa pili. Chukua injini ya lita 12 yenye silinda sita. Kila silinda ni lita 2. Ukiwa na mgandamizo wa 17 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni mililita 125, yaani nusu kikombe cha chai. Hewa hukubali kubanwa humo. Maji hayakubali. Pistoni inayopanda ikikuta maji yamezidi hapo ni kama imekuta ukuta, na kinachosalimu amri ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki.

Sisemi kwamba lita mbili na nusu zote zitafika kwenye silinda. Mara nyingi hazifiki. Madhara ninayoyaona zaidi ni ya polepole: turbo iliyoshika kutu ikagoma kuzunguka, sailensa iliyooza kwa ndani, kiti cha valvu kilicholiwa. Ila ukijua kwamba nusu kikombe tu kinatosha kuua injini, hutadharau bomba lililo wazi.

Gari langu halilali, linapiga safari kila wiki. Nihangaike?

Hapana. Injini ikiunguruma moshi unasukuma kila kitu nje, na joto la bomba hukausha kilichobaki. Hata mvua ya mlima Kitonga ikupige njia nzima, haiingii.

Gari la kuliangalia ni lililosimama: lililokwama foleni ya mpakani Tunduma au Kasumbalesa kwa siku nyingi, linalosubiri gia boksi, lile ambalo mabosi wanagombana juu yake na funguo ziko kwa wakili.

Asubuhi nikiwasha naona maji yanatema kwenye bomba. Ndiyo mvua hiyo?

Pengine si mvua kabisa. Kila lita ya dizeli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Ukitoka Dar hadi Mbeya ukamaliza lita 400, umepuliza angani lita kama 400 za maji bila kuyaona. Bomba likiwa baridi, mvuke huo hugeuka matone, huchanganyika na masizi, na ndiyo hiyo michirizi myeusi unayoikuta kwenye kebini. Dakika chache bomba likipata moto, yanakoma.

Yasipokoma, na maji ya rejeta yanapungua, hilo ni suala la gasketi ya hedi, halihusiani na ukurasa huu.

Kofia ya mvua inafanyaje kazi?

Ni kifuniko cha bati kilichoshikwa na bawaba kwenye pete inayofungwa mdomoni mwa bomba. Upande wa pili wa bawaba kuna kipande cha uzito kinachosawazisha kifuniko, ili moshi mdogo tu wa sailensi, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, uweze kukinyanyua. Ukizima injini kinaanguka na kufunga. Hakina springi wala waya, ndiyo maana hudumu.

Ukinunua, kichezee mkononi kwanza. Kinyanyue kwa kidole kimoja kisha ukiachie: kianguke chenyewe na kikae sawasawa pande zote. Kama kinaning'inia nusu, uzito wake umezidi au bawaba imebana, na hakitakusaidia mvua ikija. Chagua kilichoandikwa chuma kisichoshika kutu, lakini nenda na sumaku yako mfukoni. Nyingi ni bati la kawaida lililong'arishwa, nazo sumaku huzidaka papo hapo.

Nitajuaje saizi yangu?

Pima nje ya bomba, si ndani. Kama huna kifaa, zungusha kamba kwenye bomba, kata inapokutana, kisha inyooshe kwenye tepu. Sentimita 32 ni bomba la inchi 4, sentimita 40 ni la inchi 5, sentimita 48 ni la inchi 6. Hayo matatu ndiyo utakayoyakuta kwenye semi nyingi.

Usinunue kubwa ukajazia kwa kipande cha bati. Italegea kwa mtikisiko, na siku itakapochomoka itaangukia kioo cha mtu aliye nyuma yako.

Bawaba ielekee wapi?

Ukiweka bawaba upande wa mbele, upepo wa safari unakipiga kifuniko kwa juu na kukirudisha chini, moshi nao unakinyanyua. Wanagombana hivyo kutwa nzima, bawaba inalika. Bawaba ikiwa nyuma, upepo unaingia chini ya kifuniko na kusaidiana na moshi. Mimi huiweka nyuma, au pembeni upande wa ndani ili moshi utupwe nje badala ya kumwagikia kwenye turubai la mzigo. Kama kofia imekuja na karatasi ya mtengenezaji, ifuate hiyo.

Kwenye trekta ni hadithi nyingine, kwa sababu bomba liko mbele ya dereva. Huko bawaba hukaa upande wa dereva, kifuniko kikisimama kinamkinga moshi usimjie usoni.

Kofia inagonga kama sufuria. Naweza kuifunga kwa waya ibaki wazi?

Ukiifunga wazi, ivue tu.

Kugonga kidogo kwenye sailensi ni kawaida, kwa sababu moshi wa injini hutoka kwa mapigo na kifuniko hucheza nayo. Kelele ikizidi, shika kifuniko injini ikiwa imepoa ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza sana, pini ya bawaba imeisha. Wengine hupaka grisi. Grisi huungua pale, hubaki kama lami na masizi huganda juu yake, na baada ya wiki mbili kofia haifunguki wala haifungi. Piga brashi ya waya na uiache kavu.

Kofia iliyoganda nusu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Gari linakosa nguvu mlimani, linatoa moshi mweusi, joto linapanda, na watu wanaanza kubadilisha nozeli, zile za kupulizia dizeli kwenye silinda, bure.

Na kopo? Mzee wangu alifunika trekta kwa kopo la maziwa maisha yake yote.

Mzee wako alikuwa sahihi. Kwa gari lililolala, kopo la bati lililogeuzwa ni kinga nzuri na haligharimu kitu. Shida yake ni binadamu, anayesahau. Kopo la bati litarushwa na moshi na likupasue kichwa au kioo. La plastiki litayeyuka na kuganda mdomoni. Tambara ndilo baya kabisa, maana likilowa huteremka ndani, na utalikuta miezi sita baadaye kwenye kiwiko likiwa limeshika maji kama sponji.

Ukitumia kopo, lifunge kitambaa chekundu kinachoning'inia hadi dereva akione, na kwenye usukani tundika kibao: TOA KOPO. Hata kama aliyeliweka ni wewe mwenyewe.

Chini ya bomba kuna kitundu kinachovuja moshi. Fundi anataka kukiziba. Nimruhusu?

Usimruhusu. Hili naomba nilikalie kidogo.

Kitundu hicho, chenye upana wa kama njiti ya kiberiti au zaidi kidogo, kimewekwa makusudi mahali pa chini kabisa pa sailensa au kiwiko. Kazi yake ni kutoa maji, ya mvua na yale ya mvuke. Ndiyo, kinatoa moshi kidogo, na ndiyo, kinaacha doa jeusi kwenye chesesi. Fundi asiyekijua hukiona ni toboo la kutu. Anakilehemu, anakipaka rangi ya fedha juu, unamlipa na kumshukuru.

Nikiwa kijana nilifanya kazi kwenye yadi moja upande wa Kibaha. Kulikuwa na International iliyokuwa ikisubiri gia boksi, ikakaa wiki sita, masika nzima. Mwenyewe alishaondoa sailensa na kuweka bomba tupu kwa sababu alipenda mlio. Kitundu cha kiwiko kilikuwa kimelehemiwa vizuri sana, kwa kweli, kazi safi. Gia boksi ilipofungwa dereva akapiga starta. Ikasema "ko", mara moja, ikanyamaza. Akapiga tena, ko. Akasema betri imechoka. Tukaleta nyingine, ko.

Akaja mtu na wazo la kuvuta. Mnyororo niliufunga mimi, kwa mikono yangu. Gari lililovuta lilitembea mita kama kumi, dereva akaachia klachi, tukasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja tawi la mwarobaini. Gari likawaka. Liliwaka, likawa linagonga, na tukashangilia kwa dakika nzima kabla mzee wa yadi hajafika na kutuambia tuzime.

Konrodi ya silinda ya tano ilikuwa imepinda. Tulipofungua klampu ya kiwiko yalitoka maji meusi kama wino, nusu ya dumu la lita tano.

Kwa hiyo kila unapopaka gari grisi, pitisha waya kwenye kitundu hicho. Masizi hukiziba chenyewe hata bila fundi.

Nashuku maji yameingia. Nifanye nini?

Usiguse funguo. Starta ikisema "ko" na kugoma baada ya gari kulala kwenye mvua, chukulia kwamba ni maji mpaka uthibitishe si maji. Na usikubali kuvutwa wala kusukumwa. Starta ina nguvu ya kiasi na ikishindwa husimama, lakini gari la tani kadhaa linalotembea halisimami. Uzito wote ule unaishia kwenye konrodi moja.

Anza chini. Legeza klampu ya kiwiko, weka ndoo, tazama kinachotoka. Kisha angalia oili. Kijiti kikiwa na rangi ya uji, maji yameshapita kwenye ringi. Kikiwa safi, bado usiamini: maji ni mazito kuliko oili na hulala chini ya sampu, lile bakuli la oili, kwa hiyo legeza nati ya kumwagia taratibu uone nini kinatangulia.

Halafu turbo. Ondoa bomba linalotoka kwenye turbo, ingiza kidole, zungusha feni yake. Izunguke laini. Ukiona kutu ya rangi ya chungwa, au inakwaruza, itoe kabla hujaendelea.

Sasa silinda. Toa nozeli zote. Najua kwenye injini nyingine hiyo ni kazi ya siku nzima, na mwenye gari atakusimamia kichwani akiuliza kama ni lazima. Ni lazima. Zungusha injini kwa mkono, kwa bomba refu la spana, mizunguko miwili kamili ya kranki, ili kila pistoni ipite mahali pake pote. Ikigoma, acha. Usiongeze urefu wa bomba. Ikizunguka vizuri, piga starta kwa sekunde chache nozeli zikiwa nje, ukae mbali, kwa sababu maji yatatoka kama risasi. Tia oili kidogo kila silinda, rudisha nozeli, badilisha oili na filta, ndipo uwashe. Baada ya saa chache za kazi badilisha oili tena.

Ndege wamejenga kiota kwenye bomba la gari lililolala. Niwashe kitoke chenyewe?

Kiota ni nyasi kavu. Ukiwasha injini na kuipandisha, kitatoka kikiwa na cheche, na kama umeegesha karibu na shamba kavu la miwa au mkonge, utaeleza polisi. Panda na tochi, kitoe kwa waya wenye ndoano. Mayai yakiwemo, subiri wiki chache kama gari halina haraka. Nami nimesubiri.

Nyigu wanaojenga kwa udongo hawaonekani kirahisi, na hupenda kile kitundu cha chini kuliko bomba lenyewe. Waya ule ule unatosha. Watu huniuliza kuhusu wavu wa kuku mdomoni. Kwa gari lililoegeshwa, sawa. Kwa gari linalotembea, wavu wenye matundu madogo hujaa masizi na kukaba injini.

Na kofia haizuii cheche. Kizuia cheche ni kifaa kingine kabisa.

Napakia greda kwenye lobedi, tela la chini la kubebea mitambo, safari ya kilomita 600. Kofia inatosha?

Haitoshi, na hapa shida si mvua. Greda likiwa limezimwa juu ya lobedi, upepo wa mwendo hukinyanyua kifuniko, ukaingia kwenye bomba na kuizungusha turbo. Turbo hupata oili kutoka kwenye injini inayounguruma, na hapa injini imezimwa. Kwa hiyo inazunguka kavu, saa nane mfululizo, na unafika na turbo iliyokufa kwenye mashine ambayo haijafanya kazi hata dakika moja. Wengi wanalaumu mashine.

Funga kifuniko kwa waya au ziba mdomo kwa turubai na kamba kabla ya kuondoka. Andika kwenye usukani. Fungua kabla ya kuwasha.

Gari langu ni Scania, bomba liko chini pembeni. Hii inanihusu?

Mvua haikuhusu. Kinachokuhusu ni mafuriko na tope. Ukipita kwenye maji yaliyofunika bomba, moshi unasukuma maji nje mradi injini inaunguruma, basi usiachie mafuta wala kubadilisha gia katikati. Ikizimika humo, maji yanarudi ndani, na ushauri wa hapo juu unaanza upya: usipige starta. Pia chunga pua ya hewa, kwa sababu injini ikinywa maji kwa upande wa kuvuta hewa huharibika mara moja, ikiwa bado inazunguka.

Wenye tipa wanaorudi kinyumenyume kwenye lundo la udongo, shukeni mkaangalie. Nimeshatoa kwenye bomba donge la mfinyanzi lililookwa likawa tofali.

Gari ni la karibuni, lina kichujio cha masizi. Niongeze kofia?

Usiongeze kitu kabla hujaangalia mdomo wa bomba. Magari ya Marekani ya kuanzia 2007 yalianza kuja na vichujio, na kichujio kinapojisafisha moshi unaweza kufika karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Kwa hiyo mengine yana kipande maalumu cha mdomoni kinachochanganya moshi na hewa ili kuupoza. Ukikivua ukaweka kofia ya soko, moto huo unaelekea kwenye turubai. Wala usitoboe kitundu chako mwenyewe kwenye mfumo huo, una vihisi vyake. Gari la namna hiyo likilala, tumia kopo na kibao cha usukani.

Bomba lililopinda juu si bora kuliko kofia?

Kwa gari linalofanya kazi, mimi napenda lililopinda kuelekea nyuma. Halina cha kugonga wala kuganda. Linapunguza mvua kwa kiasi kikubwa, ila haliizuii yote, hasa mvua ya upepo gari likiwa limeegeshwa mgongo kwenye upepo. Lile lililokatwa mshazari tu ni la urembo zaidi. Kuna pia mabomba yenye kuta mbili, ambayo maji yanayogonga ukuta wa ndani hunaswa na kutolewa nje kabla ya kushuka. Ni mazuri, ni adimu, na yakiharibika hakuna wa kuyatengeneza hapa.

Vipi kuosha gari kwa mashine?

Mwambie kijana asielekeze mpira juu ya bomba, na asioshe bomba likiwa la moto. Basi.

Niangalie mara ngapi?

Kofia, kila unapobadilisha oili. Kitundu, kila unapopaka gari grisi, na usikose mwanzo wa vuli na wa masika. Gari likilala zaidi ya siku tatu kwenye mvua, tingo, msaidizi wa dereva, apande jioni aguse kifuniko kwa mkono, asitazame kutoka chini. Kutoka chini kofia iliyoganda wazi kidole kimoja huonekana imefungwa.